Barua za Friedrich Nietzsche: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaonijia na maswali kuhusu barua za Nietzsche, mwanafalsafa wa Kijerumani, huwa wameshakutana naye kwanza kwenye vitabu vyake, au kwenye nukuu zinazosambazwa kwa simu. Maswali yenyewe hayabadiliki sana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Nimeyapa namba ili nisilazimike kurudia jambo lilelile mara tatu.

## Mambo ya kuanzia

1. Aliandika barua ngapi, na za miaka gani?

Zilizobaki na kuchapishwa ni zaidi ya 2,500, ukihesabu pamoja postikadi na rasimu. Nietzsche alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1844 huko Röcken, kijiji cha Ujerumani ambako baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mkusanyiko unaanzia mwaka 1850, alipokuwa na miaka mitano, na unakomea Januari 1889, siku alizorukwa na akili mjini Turin. Alifariki tarehe 25 Agosti 1900. Kwa hiyo miaka kumi na moja ya mwisho ya maisha yake haimo.

2. Matoleo ni mengi. Nishike lipi?

Ukitaka kusoma tu, shika lile linaloitwa KSB kwa kifupi: juzuu nane zilizotoka mwaka 1986, zimepangwa kwa tarehe kuanzia utotoni hadi mwisho. Ukitaka kufanya utafiti utahitaji KGB, toleo kubwa lililoanza kutoka mwaka 1975 kwa mchapishaji de Gruyter wa Berlin na kukamilika 2004. Waliolianzisha ni Waitaliano wawili, Giorgio Colli na Mazzino Montinari. Colli alifariki 1979 na Montinari 1986, hivyo hakuna kati yao aliyeshuhudia juzuu ya mwisho.

Tofauti ya matoleo haya si ukubwa tu. KSB ina barua alizoandika Nietzsche peke yake. KGB ina pia barua alizoandikiwa. Ukisoma KSB ni kama kukaa kwenye daladala karibu na mtu anayeongea na simu: unasikia "ndiyo, ndiyo, lakini nilishakwambia", na hujui upande wa pili kasema nini. Kwa miaka mingi nilidhani Nietzsche alikuwa mtu wa kulalamika bila sababu, mpaka nilipoanza kusoma barua alizokuwa akijibu.

Matoleo ya zamani, hasa yale ya 1900 hadi 1909, yasome kwa tahadhari kubwa. Sababu iko kwenye swali la 9.

3. Zinapatikana bure?

Ndiyo, kwa Kijerumani. Tovuti ya Nietzsche Source, inayosimamiwa na Paolo D'Iorio, imeweka maandishi ya toleo la Colli na Montinari, barua zikiwemo. Kila barua ina alama yake: herufi BVN, mwaka, kisha namba. Ukiona mtu ananukuu barua bila kutaja mwandikiwa, tarehe wala alama ya namna hiyo, mwombe akuoneshe alikoitoa. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

4. Sijui Kijerumani. Nitafanyaje?

Kwa Kiingereza upo uteuzi wa Christopher Middleton wa mwaka 1969, na ni mzuri. Ila uteuzi ni uteuzi: mteuzi hupenda barua zenye mawazo makubwa, akaziacha zile za soksi na chakula, ambazo kwangu mimi ndizo zinazomfanya Nietzsche awe binadamu (tazama swali la 6).

Programu za kutafsiri zinasaidia kupata maana ya jumla, lakini zina tundu moja ambalo msomaji wa Kiswahili halioni kirahisi. Kijerumani kina "wewe" mbili: *du* ya ndugu na rafiki wa karibu, na *Sie* ya heshima. Sisi heshima tunaiweka kwingine, kwenye shikamoo, kwenye "mzee", kwenye "bwana" na "mama fulani". Kiwakilishi chenyewe hakibadiliki. Ukitafsiri zote mbili kuwa "wewe", unapoteza habari. Nietzsche na rafiki yake Franz Overbeck waliitana *du*. Nietzsche na Heinrich Köselitz, pamoja na urafiki wao wote, walitumia *Sie* miaka nenda rudi. Kumbuka hilo utakapofika swali la 14.

## Walioandikiwa

5. Alimwandikia nani zaidi?

Mama yake Franziska, dada yake Elisabeth, na kundi dogo la marafiki. Overbeck alikuwa profesa wa theolojia Basel, mji wa Uswisi ambako Nietzsche mwenyewe alipata uprofesa mwaka 1869 akiwa na miaka 24 tu. Nietzsche alipoacha kazi mwaka 1879 kwa ugonjwa, alipewa pensheni ya faranga 3,000 kwa mwaka, na Overbeck ndiye aliyeshughulika kumfikishia fedha huko alikokuwa akizunguka: Genoa, Nice, Sils-Maria, Turin. Ndiyo maana barua kwa Overbeck zinachanganya mwanafalsafa Spinoza na hesabu za fedha. Postikadi ya Julai 1881 inapiga kelele za furaha kwamba amegundua ana mtangulizi, naye ni Spinoza: "Nimeshangaa kabisa, nimefurahi kabisa!"

Köselitz alikuwa mwanamuziki aliyeishi Venice, ambaye Nietzsche alimbatiza jina la Peter Gast. Alikuwa miongoni mwa watu wachache walioweza kuusoma mwandiko wa Nietzsche bila kuteseka, na alimsaidia kunakili miswada na kusahihisha nakala za uchapaji.

Erwin Rohde, rafiki wa chuo, anajaa kwenye barua za ujanani, kisha anafifia. Waligombana 1887 kwa maneno aliyoyasema Rohde kuhusu mwandishi Mfaransa Taine, na urafiki haukupona.

6. Anamwandikia nini mama yake?

Anaomba vitu. Nyama ya nguruwe iliyokaushwa kutoka Naumburg, mji alikoishi mama, soksi, habari za nyumbani. Mwaka 1888 akiwa Sils-Maria, kwenye milima ya Uswisi, anamshukuru mama kwa nyama aliyotumiwa. Majira ya baridi ya 1887 huko Nice vidole vinamgeuka rangi ya bluu kwa baridi akiwa anaandika, chumba hakina moto, basi jiko la kupashia chumba joto linasafiri kutoka Naumburg hadi pwani ya Ufaransa, na likifika anatangaza kwa furaha kama mtu aliyepata mgeni.

Msomaji anayemjua Nietzsche wa nyundo na radi anaweza kuona haya yote ni takataka. Mimi naona kinyume. Huyu ni mtu mwenye macho mabovu na kichwa kinachouma siku kadhaa mfululizo, anayekaa chumba cha kupanga, na anayejua bei ya kila kitu. Mwaka 1885 alichapisha sehemu ya nne ya kitabu chake *Zarathustra* kwa gharama yake, nakala 40 hivi, na kwenye barua utamwona akiwaza rafiki gani apewe.

7. Mbona barua kwa mtunzi wa muziki Richard Wagner na mkewe Cosima ni chache?

Kwa sababu hazikutunzwa. Barua za Cosima kwenda kwa Nietzsche zimebaki nyingi, za Nietzsche kwenda kwa Cosima sehemu kubwa imepotea. Hapa ndipo unapojifunza kanuni ya kwanza ya kusoma mkusanyiko wowote wa barua: barua haibaki kwa sababu ni muhimu, inabaki kwa sababu kuna mtu aliiweka kwenye sanduku. Overbeck aliweka. Mama aliweka. Huko Bayreuth, nyumbani kwa akina Wagner, baada ya Nietzsche kumgeuka Wagner, hawakuwa na sababu kubwa ya kuweka.

8. Georg Brandes ni nani, na kwa nini anatajwa sana?

Mhakiki wa fasihi wa Copenhagen. Alimwandikia Nietzsche mara ya kwanza tarehe 26 Novemba 1887, akayaita mawazo yake "ukabaila mkali wa kimawazo", au tuseme msimamo mkali wa watu bora. Kijerumani chake kinasema *aristokratischer Radikalismus*, na kila tafsiri inachechemea. Nietzsche alijibu kwamba hilo ni neno la busara kuliko yote aliyowahi kusoma kuhusu nafsi yake. Majira ya kuchipua ya 1888 Brandes alitoa mihadhara juu yake huko Copenhagen, wakati Ujerumani kwenyewe vitabu vyake havikuwa vikinunuliwa.

Brandes ndiye pia aliyemshauri amsome mwanafalsafa Mdenmaki Kierkegaard. Nietzsche anajibu Februari 1888 kwamba safari ijayo ya Ujerumani atalishughulikia "tatizo la kisaikolojia la Kierkegaard". Safari aliyorudi nayo Ujerumani ilikuwa ile ya Januari 1889, akiwa amesindikizwa kwenda hospitali ya wagonjwa wa akili ya Jena.

## Elisabeth

9. Ni kweli dada yake alighushi barua?

Ni kweli. Nitaeleza kwa kirefu, maana wengi husikia hukumu bila kusikia kesi.

Elisabeth alizaliwa 1846, na kaka yake alimpenda. Alimwita kwa utani Lama. Mwaka 1882 waligombana vibaya kwa sababu ya Lou von Salomé, msichana Mrusi ambaye Nietzsche alimpenda. Mwaka 1885 akaolewa na Bernhard Förster, mpiga kelele maarufu wa chuki dhidi ya Wayahudi, na mwaka uliofuata wakaenda Paraguay kuanzisha koloni la Wajerumani waliloliita Nueva Germania. Förster alijiua huko 1889. Elisabeth aliporejea moja kwa moja mwaka 1893 alimkuta kaka yake hajitambui, na jina lake linaanza kuvuma. Mwaka uliofuata alianzisha hifadhi ya nyaraka za Nietzsche, ambayo baadaye ilihamia Weimar, na akashika ufunguo hadi alipofariki 1935.

Sasa tatizo: mtu anayejitangaza kuwa ndiye aliyemwelewa Nietzsche kuliko wote, barua za Nietzsche zenyewe zinamwonesha kaka akimwogopa na kumkasirikia. Dawa aliyoipata ni hii. Alichukua barua za kweli alizoandikiwa mama, au rasimu za barua kwa watu wengine, akazichapisha kana kwamba zimeandikwa kwake. Penye jina la mwandikiwa palidondoka wino, au karatasi iliungua pahali hapohapo panapohitajika. Nyingine zilikuwa na nakala tu iliyoandikwa kwa mkono wake, asili haionekani. Nyingi zilitoka kwenye juzuu ya mwaka 1909 ya barua kwa mama na dada.

Karl Schlechta aliyefanya kazi kwenye hifadhi hiyo miaka ya 1930 aligundua mchezo huo. Ushahidi aliutoa hadharani katika toleo lake la juzuu tatu, la mwisho likitoka 1956. Matoleo ya baadaye yameziondoa barua hizo au kuzirudisha kwa wenyewe.

Tazama vizuri aina ya kosa. Elisabeth mara nyingi hakutunga maneno kutoka hewani. Maneno ni ya Nietzsche; kilichobadilishwa ni anayeambiwa. "Wewe ndiye unayenielewa" ikitoka kwa mtu mmoja ikapelekwa kwa mwingine imekuwa uongo mtupu bila neno hata moja kuguswa. Kwangu huu ni ughushi mbaya zaidi, maana hata anayeujua mtindo wa Nietzsche kama kiganja chake hawezi kuunusa.

10. Kwa hiyo kila barua aliyoandikiwa Elisabeth ni ya uongo?

Hapana. Zilizomo KSB zimepita kwenye chujio. Maarufu kuliko zote ni ya tarehe 11 Juni 1865, kijana wa miaka 20 akimwandikia dada yake kutoka Bonn baada ya kuacha theolojia: ukitaka utulivu wa roho na furaha, basi amini, ukitaka kuwa mfuasi wa ukweli, basi chunguza. Hiyo ni ya kweli. Na ni ajabu kidogo kwamba sentensi hiyo aliandikiwa yeye.

11. Barua zinasema nini kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi?

Kwenye barua za miaka ya 1880 anaipinga, tena kwa hasira. Machi 1887 Theodor Fritsch, mchapishaji wa jarida la wenye chuki hiyo, alimtumia matoleo matatu. Nietzsche alimrudishia yote na barua ya kejeli. Mwisho wa mwaka huohuo kuna rasimu kwa Elisabeth ikisema ameoneshwa kwa maandishi kwamba Förster bado hajaachana na harakati hizo, na lugha inazidi kuwa kali kadiri unavyosoma. Lakini usimgeuze kuwa malaika: barua za ujanani, enzi za urafiki na Wagner, zina maneno machafu ya kawaida ya zama zile.

## Karatasi, mashine na mihuri

12. Je, rasimu nayo ni barua?

Kwenye toleo imo, na pembeni imeandikwa *Entwurf*, yaani rasimu. Usiipuuze alama hiyo. Mwaka 1882 na 1883, Lou na rafiki yao Paul Rée walipokwishamtoka, Nietzsche alijaza madaftari kwa rasimu za barua za uchungu. Nyingine hazikutumwa kabisa, nyingine zilitumwa zikiwa zimepoozwa. Kusema "Nietzsche alimwambia Lou hivi" kwa kutegemea rasimu ni sawa na kumshtaki mtu kwa meseji aliyoandika saa nane za usiku akaifuta asubuhi. Rasimu inakuonesha alivyojisikia, haioneshi alichomwambia mtu.

13. Habari ya mashine ya kuandikia ni ya kweli?

Ya kweli. Mapema mwaka 1882 akiwa Genoa alipata mashine ya Mdenmaki Rasmus Malling-Hansen, ambayo vitufe vyake vimepangwa juu ya nusu tufe, ukiitazama ni kama nungunungu aliyejikunja. Macho yalikuwa yanamwangusha, akatumaini vidole vitajua njia vyenyewe. Iliandika herufi kubwa tupu. Ilikuwa imeharibika safarini, utepe ukawa unanata kwa unyevu, na baada ya wiki chache ikawekwa kando. Ila ilituachia sentensi moja kwenye barua kwa Köselitz ya Februari, yote kwa herufi kubwa: VIFAA VYETU VYA KUANDIKIA NAVYO VINASHIRIKI KATIKA MAWAZO YETU. Anayeandika siku nzima kwa kidole gumba kwenye simu hahitaji kuelezwa zaidi.

## Januari 1889

14. "Barua za wazimu" ni zipi?

Ni vikaratasi na barua fupi alizotuma kutoka Turin siku za kwanza za Januari 1889, baada ya kuanguka tarehe 3. Nyingine amesaini "Dionysos", mungu wa divai wa Wagiriki wa kale, nyingine "Msulubiwa". Aliwaandikia marafiki, Cosima, mwandishi Strindberg, hata mfalme wa Italia.

Hapa rudia swali la 4. Kwa Brandes, ambaye sikuzote alimwita *Sie*, anaandika kwa *du*: baada ya wewe kunigundua, kunipata halikuwa jambo gumu, ugumu sasa ni kunipoteza. Köselitz anapewa mistari miwili: niimbie wimbo mpya, ulimwengu umetukuka na mbingu zote zinafurahi. Hapo pia ni *du*. Mwenye kukulia kanisani atasikia mara moja Zaburi ya 96: "Mwimbieni Bwana wimbo mpya", na chini yake, "Mbingu na zifurahi." Mtoto wa mchungaji alirudi kwenye lugha ya nyumbani kwao, na mtu wa kusifiwa amebadilika.

Kwa Overbeck anatangaza kwamba anaamuru wapinga-Wayahudi wote wapigwe risasi.

15. Mbona barua kwa Burckhardt inatajwa kwa tarehe mbili?

Nietzsche ameandika juu yake tarehe 6 Januari. Mhuri wa posta ya Turin unasema 5. Posta haina wazimu, kwa hiyo tunaufuata mhuri: siku zilikwishampotea.

Ndiyo barua ndefu kuliko nyingine za siku zile, na inaanza kwa sentensi ambayo sijui kama ni ya kuchekesha au ya kutisha: angependelea sana kuwa profesa wa Basel kuliko kuwa Mungu, ila hakuthubutu kuuendekeza ubinafsi wake kiasi cha kuacha kuumba ulimwengu. Jacob Burckhardt, mwanahistoria mzee, aliipata tarehe 6, siku ya Jumapili, akaenda nayo mwenyewe nyumbani kwa Overbeck mchana uleule, ingawa wawili hao hawakuwa watu wa kutembeleana. Overbeck akamwonesha daktari wa akili, akapanda treni, tarehe 8 alikuwa Turin. Kwa hiyo barua hii ilifanya kazi ambayo barua nyingine zote hazikuifanya: ilimleta mtu.

16. Inafaa kunukuu barua hizi kama falsafa yake?

Inafaa kuzinukuu, mradi utaje tarehe. Anayezinukuu bila tarehe anamdanganya msomaji. Na anayezitupa zote kwa kuwa ni za mgonjwa anajinyima mambo: hiyo sentensi ya profesa na Mungu ina mzaha uleule wa vitabu vya 1888.

17. Kisa cha farasi aliyekumbatiwa Turin kimo kwenye barua?

Hakimo. Kilianza kusimuliwa magazetini baada ya yeye kufariki, zaidi ya miaka kumi baada ya siku yenyewe, na hakuna barua yake inayokitaja.

Kuna farasi mwingine lakini. Tarehe 13 Mei 1888, akiwa Turin na afya njema, anamwandikia rafiki yake Reinhart von Seydlitz kwamba jana alijibunia picha ya kutoa machozi: mandhari ya baridi kali, mwendesha mkokoteni mzee, uso mgumu kuliko baridi yenyewe, anamkojolea farasi wake, na yule mnyama, maskini, aliyechubuka kwa kazi, anageuza shingo kumtazama, kwa shukrani, kwa shukrani nyingi.